Klabu ndogo ya vijana chini ya nembo kubwa: mwongozo kamili wa kujiunga, kusaini na kutoka

Klabu ndogo ya soka ya vijana inapoanza kuzungumza na klabu yenye jina linalojulikana duniani, mazungumzo hukimbilia jezi, nembo na sherehe ya kutia saini, ilhali mambo yatakayoamua kama uhusiano huo utaifaa klabu yamo katika kurasa ambazo viongozi wengi huzisoma wakiwa wameshaamua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kocha mkuu wa klabu ya aina hiyo, yaani watu ambao mara nyingi wanajitolea, hawana mwanasheria wa kudumu, na wana wazazi wengi wanaosubiri jibu. Umepangwa kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani uzito: ya pili na ya sita ndizo zinazostahili muda mwingi kuliko zote, na mkizikosea hizo mbili, umakini katika nyingine hautawafaa sana.

Aina za uhusiano, kabla ya hatua yoyote

Kuna angalau mipango minne ambayo watu huiita kwa jina moja la "kujiunga na klabu kubwa". Wa kwanza ni leseni ya jina, ambapo klabu ndogo, au kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo, inalipa ili kuendesha kituo cha mafunzo kwa jina, rangi na nembo ya klabu kubwa. Barça Academy na vituo vya kimataifa vya Liverpool vinajulikana kwa mtindo huu. Wa pili ni ushirika mwepesi, ambapo klabu inabaki na jina lake na kuongeza maneno kama "mshirika wa", kisha inapata mtaala wa mazoezi, kozi za makocha na pengine punguzo la vifaa. Wa tatu ni kuingia katika mtandao wa klabu za vijana ambao jina lake limejengwa ndani ya soka la vijana lenyewe, bila kutegemea timu ya wakubwa inayoonekana kwenye televisheni. Rush Soccer, iliyoanzia Colorado, Marekani, mwaka 1997, ni mfano wake. Wa nne ni ubia wa kukuza wachezaji, ambapo klabu kubwa inaweka fedha au utaalamu na kutarajia kupata wachezaji. Mfano bora wa huu wa nne ni Génération Foot ya Senegal na FC Metz ya Ufaransa, ambazo zimeshirikiana tangu mwaka 2003, na kupitia njia hiyo walipita Sadio Mané, Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr.

Kosa linalojirudia ni kusaini mpango wa kwanza huku moyoni mkitarajia matunda ya mpango wa nne. Katika leseni, fedha hutoka kwenu kwenda kwa mwenye jina. Katika ubia wa kukuza wachezaji, fedha na utaalamu huja kwenu kwa sababu mwenzenu anawahitaji vijana wenu. Vivyo hivyo, La Masia, kituo cha Barcelona kilichofunguliwa mwaka 1979 na ambako Lionel Messi alilelewa, si kitu kimoja na shule yenye nembo ya Barcelona katika nchi nyingine, hata kama mazoezi ya kupiga pasi yanafanana. Mzazi anaweza kusamehewa akichanganya mambo hayo. Kamati ya utendaji haiwezi.

Hatua ya kwanza: andikeni mnachokosa

Kabla ya kupiga simu popote, kaeni na kuandika, katika ukurasa mmoja, ni upungufu gani hasa mnaotaka uhusiano huu uuzibe. Je, makocha wenu hawana mafunzo? Je, mnapoteza wachezaji wa umri wa miaka 13 na 14 kwa klabu jirani? Je, hamna uwanja? Je, vijana wenu wazuri hawana pa kwenda wakifikisha miaka 17? Kila swali lina dawa yake, na baadhi ya dawa hizo hazihitaji nembo ya mtu yeyote. Kozi za ukocha hutolewa na chama chenu cha soka, mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko ada ya mwaka mmoja ya leseni. Uwanja hauletwi na nembo. Hapo ukurasa huo unapoonyesha kwamba upungufu mkubwa ni mvuto, yaani kwamba klabu ina makocha wazuri na utaratibu mzuri lakini haijulikani, ndipo jina kubwa linapokuwa jibu la kweli, kwa sababu mvuto ndicho kitu ambacho jina hukileta kwa uhakika zaidi na kwa haraka zaidi.

Utunzeni ukurasa huo. Utatumika tena kwenye hatua ya nane.

Hatua ya pili: jueni ni nani hasa anayesaini

Mara nyingi mtu anayekuja kuzungumza nanyi si mwajiriwa wa klabu kubwa. Ni kampuni iliyopewa leseni ya nchi au kanda, au wakala wa kampuni hiyo, au mtu anayetumaini kupewa leseni akishapata klabu za kutosha. Hakuna ubaya katika hilo lenyewe, kwa kuwa klabu kubwa haziwezi kutuma watu kila mahali, lakini ni lazima mjue mnyororo mzima kuanzia mwenye nembo hadi ninyi, na mjue kila pete ya mnyororo huo ina mamlaka gani.

Ombeni karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa kampuni mnayosaini nayo pamoja na majina ya wenye mamlaka ya kusaini mikataba kwa niaba yake. Ya pili ni kurasa za mkataba mama, ule kati ya kampuni hiyo na klabu kubwa, zinazoonyesha eneo linalohusika, muda wa leseni, na ruhusa ya kutoa leseni ndogo kwa wengine. Wanaweza kuficha takwimu za fedha, hilo ni haki yao, lakini wakikataa kuonyesha kurasa hizo kabisa, simamisheni mazungumzo. Ya tatu ni barua ya uthibitisho kutoka klabu kubwa yenyewe, ambayo ninyi mmeiomba kupitia anwani rasmi ya klabu hiyo mliyoitafuta wenyewe, wala si anwani mliyopewa na wakala.

Zingatieni tarehe. Ikiwa mkataba mama unaisha baada ya miezi 18 na wenu ni wa miaka mitatu, basi nusu ya muda wenu inategemea mazungumzo ambayo hamtakuwepo. Takeni kifungu kinachosema kwamba leseni mama ikikoma, ada mlizolipa kwa muda uliobaki zinarudishwa, au klabu kubwa inawachukua moja kwa moja kwa masharti yaleyale hadi mwisho wa msimu.

Kuna pia suala la alama ya biashara, ambalo wengi huliruka. Alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi, na husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma. Katika mfumo wa Nice unaotumika kimataifa, mavazi yamo katika daraja la 25 na mafunzo na shughuli za michezo yamo katika daraja la 41. Klabu kubwa inaweza kuwa imesajili nembo yake nchini mwenu kwa ajili ya kuuza jezi bila kuisajili kwa ajili ya mafunzo, au mtu mwingine akawa ameshaisajili kabla yake. Kumbukumbu za usajili huo kwa kawaida ziko wazi kwa umma katika ofisi ya nchi inayosimamia haki miliki, na kuzikagua ni kazi ya siku moja.

Hatua ya tatu: pitieni kanuni za chama chenu na za FIFA

Mwandikieni katibu wa chama chenu cha soka na mwulize kwa maandishi: je, klabu inaruhusiwa kubadili jina katikati ya msimu, je, jina la klabu nyingine linakubalika katika usajili, je, nafasi ya klabu katika ligi ya vijana inabaki ileile baada ya mabadiliko, na je, mwendeshaji wa kituo ambaye si mwanachama wa chama anaweza kuingiza timu mashindanoni. Majibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya ligi na ligi, kwa hiyo jibu la klabu ya mji mwingine halitoshi.

Kwa upande wa FIFA, kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina mambo machache yanayowagusa moja kwa moja. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Klabu yenye uhusiano wa kisheria, wa kifedha au wa kivitendo na akademia inawajibika kutoa taarifa za watoto wanaofunzwa humo kwa chama cha nchi ambako akademia hiyo inaendeshwa. Haya si maneno ya karatasini tu: Barcelona iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kukiuka kanuni za watoto na ikazuiwa kusajili kwa madirisha mawili ya mwaka 2015, Real Madrid na Atlético Madrid zikaadhibiwa mwaka 2016, na Chelsea mwaka 2019.

Kwa hiyo yeyote anayewaambia kwamba mtoto wa miaka 14 atakayefanya vizuri "atapelekwa Ulaya kusajiliwa" ama hajui kanuni ama anazijua na ameamua kuzificha. Anaweza kwenda kutembea, kushiriki mashindano au kufanya mazoezi ya wiki moja; kusajiliwa ni jambo jingine. Sentensi kama hiyo ikionekana kwenye kipeperushi chenye jina la klabu yenu, mtakaoulizwa ni ninyi.

Hatua ya nne: zungumzeni na waliobaki na waliotoka

Wakala atawapa majina ya klabu zinazofurahia mpango. Zipigieni simu, lakini tafuteni pia, kwa juhudi zenu, klabu zilizowahi kuwemo na zikatoka, maana hizo ndizo zinazojua kifungu gani kiliuma. Waulizeni wataalamu wa klabu kubwa walikuja mara ngapi kwa mwaka na walikaa muda gani, nani alilipia tiketi na malazi yao, mtaala ulikuja kwa lugha ambayo makocha wanaielewa au la, jezi zilifika kabla ya msimu au baada yake, na ni wazazi wangapi walioondoka bei ilipopanda. Msemo wa "mgeni njoo, mwenyeji apone" ni mzuri, lakini kwenye mikataba ya aina hii mara nyingi mwenyeji ndiye anayemlipia mgeni, na anapona iwapo tu ziara ina ratiba ya kufundisha makocha badala ya kupiga picha.

Hatua ya tano: pigeni hesabu ya miaka mitatu

Mweka hazina aandae jedwali la misimu mitatu, na kila gharama iwe na mstari wake. Ada ya kuingia ndiyo inayotajwa kwanza na mara nyingi siyo inayoumiza. Baada yake kuna ada ya mwaka, ada kwa kila mchezaji aliyesajiliwa, kiwango cha chini cha ununuzi wa vifaa kutoka kwa msambazaji mmoja aliyeteuliwa, gharama za ziara za wataalamu, kozi za lazima kwa makocha, bima, kubadili mabango, mihuri, tovuti na magoli yenye rangi za zamani, na safari ya mashindano ya washirika ambayo kwa maandishi ni ya hiari lakini kwa vitendo ni vigumu kuikataa.

Angalieni kwa makini ada ya kila mchezaji na kiwango cha chini cha jezi zinapoishi pamoja katika mkataba mmoja. Ada ya kila mchezaji hushuka klabu inapopungua. Kiwango cha chini hakishuki. Klabu iliyoahidi kununua seti 300 za jezi kila msimu na ikabaki na wachezaji 210 italipia seti 90 ambazo hakuna atakayezivaa, na msimu unaofuata mtengenezaji anabadili muundo. Takeni kiwango cha chini kihesabiwe kwa idadi halisi ya waliosajiliwa tarehe fulani, au kiondolewe.

Kisha fanyeni hesabu ya pili, ile ambayo wachache huifanya: chukueni gharama yote mpya, igawanyeni kwa idadi ya wachezaji mlio nao leo, bila kuongeza hata mmoja mnayetarajia kuvutwa na jina, na mwone ada ya mzazi itapanda kwa kiasi gani. Ikiwa mpango unalipa iwapo tu idadi ya wachezaji itaongezeka maradufu, basi mnaendesha biashara ya kukisia kwa fedha za familia. Fikirieni pia watoto ambao wazazi wao hawataweza. Nafasi za msamaha wa ada ziwe ndani ya hesabu tangu mwanzo, kwa sababu mkataba ukishasainiwa hakuna mstari utakaopatikana kwa ajili yao.

Hatua ya sita: someni rasimu kifungu kwa kifungu

Hapa tafuteni mwanasheria, hata kama ni mzazi mmoja wa klabu anayejua sheria ya mikataba, na msome pamoja kwa sauti. Rasimu nyingi zina kifungu cha aina hii: "Klabu Mshirika itatumia Jina na Nembo katika shughuli zake zote, na haitatumia jina jingine lolote bila idhini ya maandishi ya Mwenye Leseni." Sentensi hiyo inaonekana ya kawaida, lakini inafanya mambo mawili: inafuta jina la zamani kwenye jezi, barua na mabango, na inawafanya muhitaji ruhusa ya mtu mwingine ili kujiita jina lenu. Ibadilisheni isomeke kwamba klabu inabaki imesajiliwa kwa jina lake katika chama cha soka na mbele ya sheria, na kwamba nembo ya mshirika inatumika pamoja na nembo ya klabu, kwa ukubwa uliokubaliwa. Mkiambiwa haiwezekani, angalau jina la usajili lisiguswe. Mimi nisingesaini mkataba unaogusa jina la usajili, hata kama mengine yote yamenyooka.

Sababu yake inaonekana vizuri kwenye fidia zinazotolewa kwa klabu zilizomfunza mchezaji. Chini ya utaratibu wa mshikamano wa FIFA, asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu zilizomfunza mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya fedha zote za uhamisho, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kijana aliyekaa kwenu miaka minne, kuanzia 12 hadi 15, akija kuuzwa kwa yuro milioni 10, klabu yenu inastahili asilimia 1, yaani yuro 100,000. Kwa klabu ndogo hiyo ni bajeti ya miaka kadhaa. Lakini fedha hizo hufuata pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa nazo, na tangu Novemba 2022 malipo ya aina hii yamekuwa yakipitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kupitisha malipo kilichopo Paris. Kijana aliyefanya mazoezi kwenu kila jioni lakini akasajiliwa kwa jina la kampuni yenye leseni, au hakusajiliwa kabisa kwa sababu kampuni hiyo si mwanachama wa chama, hatawaletea chochote.

Wapo watakaowaomba sehemu ya fedha hizo. Kifungu kinachosema kwamba klabu kubwa, au wakala, atapata asilimia fulani ya fidia ya uhamisho wa baadaye wa mchezaji ambaye hakuwahi kusajiliwa kwake kinagongana na kanuni ya FIFA, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2015, ya kukataza watu wa tatu kumiliki haki za kiuchumi za wachezaji, yaani haki ya kupata sehemu ya fedha za uhamisho wao. Kanuni nyingine inakataza klabu kuingia mkataba unaompa mwingine uwezo wa kuingilia uhuru wake katika masuala ya ajira na uhamisho. Kwa hiyo kipaumbele cha klabu kubwa kumwona mchezaji mapema, au kumwalika kwa majaribio kwa idhini ya wazazi, kinaweza kuandikwa. Sharti kwamba mchezaji asiende kwingine bila ruhusa ya klabu hiyo, lisikubaliwe.

Vifungu vingine vipitiwe haraka zaidi. Eneo la kipekee liandikwe kwa mipaka inayoeleweka, ili mwenye leseni asifungue kituo cha pili mtaa wa pili. Kocha mkuu aajiriwe na kuachishwa na klabu. Mshirika ashauri tu. Mtaala uwe na ruhusa ya kurekebishwa kulingana na umri na viwanja mlivyo navyo. Wadhamini wenu wa sasa walindwe, kwa kuwa mara nyingi klabu kubwa ina mdhamini wa bidhaa ileile na itataka wenu aondoke kifuani.

Taarifa na picha za watoto zinahitaji kifungu chao. Klabu iliyo katika Umoja wa Ulaya inafungwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi (GDPR) iliyoanza kutumika Mei 2018, na nchi nyingi nyingine zina sheria zao. Kwa hiyo elezeni ni taarifa gani zinatumwa, kwa nani, kwa kazi gani, na zinafutwa lini. Idhini ya mzazi kwa picha ya mtoto kwenye matangazo iwe fomu ya peke yake, isiyofungwa na usajili, ili mzazi anayekataa picha asimnyime mwanawe kucheza. Mwulizeni mshirika pia sera yake ya ulinzi wa mtoto, na nani anapokea malalamiko ikiwa mgeni wake ndiye anayelalamikiwa. FIFA ina mpango wake wa ulinzi wa watoto, FIFA Guardians, tangu mwaka 2019, na miongozo yake inafaa kama kipimo cha sera mtakayoonyeshwa.

Mwisho katika rasimu, na kwa maoni yangu kitu cha kwanza kujadiliwa mezani, ni namna ya kutoka. Mkataba wa miaka mitatu wenye nafasi ya kuukatisha mwishoni mwa kila msimu kwa notisi ya siku 90 ni wa busara. Wa miaka kumi usio na nafasi hiyo haustahili klabu ya watoto. Andikeni kwamba mkiondoka hamzuiwi kuendesha soka la vijana mahali penu, kwamba wachezaji, makocha, kurasa za mitandao ya kijamii na orodha ya mawasiliano ya wazazi ni mali ya klabu, na kwamba jezi zilizopo zinaweza kuvaliwa hadi msimu uishe. Migogoro iamuliwe wapi? Mkataba ukisema usuluhishi utafanyika katika nchi ya klabu kubwa kwa lugha yake, maana yake ni kwamba hamtadai haki yoyote, kwa sababu nauli peke yake itazidi kinachodaiwa.

Hatua ya saba: pelekeni jambo kwa wanachama

Katiba ya klabu nyingi inataka mabadiliko ya jina au nembo yaidhinishwe na mkutano mkuu. Hata pale isipotaka, itisheni mkutano. Wapeni wazazi muhtasari wa kurasa mbili unaoeleza gharama, muda, faida zilizoandikwa na ambazo hazikuandikwa, na ada mpya kwa kila mtoto. Kuna swali moja ambalo litaulizwa na mzazi wa mstari wa mbele, nalo ni kama mwanawe sasa atachezea klabu kubwa. Lijibuni hapohapo bila kuzunguka: hapana, atachezea klabu hii, akiwa na makocha wanaofunzwa kwa mtaala ule. Wazazi watakaoondoka kwa jibu hilo wangeondoka baada ya msimu mmoja, wakiwa na hasira.

Wazee wa klabu, wale waliochora nembo ya kwanza na kuchimba mashimo ya magoli, wapewe nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Mara nyingi hoja zao huonekana za hisia, lakini humo ndimo utasikia nani anamiliki kiwanja kwa maneno na nani kwa hati, jambo linaloweza kubadili mpango mzima.

Hatua ya nane: simamieni msimu wa kwanza kwa karibu

Teueni mtu mmoja, asiwe kocha mkuu, awe mratibu wa uhusiano na atunze daftari la kila kilichoahidiwa na kilichotekelezwa: tarehe ya ziara, saa za mafunzo, majina ya makocha waliohudhuria, mzigo wa jezi ulioagizwa na uliofika. Kila baada ya miezi mitatu, kamati ilinganishe daftari hilo na ule ukurasa wa hatua ya kwanza. Ikiwa upungufu ulikuwa mafunzo ya makocha, hesabuni saa za mafunzo, si wafuasi wapya wa mitandao. Ikiwa ulikuwa kuondoka kwa vijana wa miaka 13 na 14, angalieni orodha ya usajili ya umri huo kabla na baada.

Kumbuka pia kwamba wachezaji wanaovutwa na jina huja na matarajio ya jina. Msimu wa kwanza mtapata vijana wengi kwenye majaribio, na kishawishi cha kuwaacha watoto wa zamani ili kuchukua wapya wenye nguvu kitakuwa kikubwa. Wekeni kanuni mapema, kwa mfano kwamba mchezaji wa chini ya miaka 13 aliyekuwepo hapotezi nafasi yake katika klabu, halafu muifuate hata timu inapofungwa.

Hatua ya tisa: tokeni kwa utaratibu

Uhusiano mwingi wa aina hii huisha, hata ule uliokwenda vizuri. Ajax Cape Town ya Afrika Kusini iliundwa mwaka 1999 kwa kuunganisha Seven Stars na Cape Town Spurs, ikiwa chini ya Ajax ya Uholanzi iliyokuwa na hisa nyingi. Steven Pienaar alipita hapo kwenda Amsterdam. Mwaka 2020 Ajax ilitoka, na klabu ikarudi kwenye jina la Cape Town Spurs. Ilikuwa na jina la kurudia. Klabu ya vijana iliyoacha nembo yake ichukuliwe na mtu mwingine, au iliyoacha usajili wake ufe, haina.

Notisi ikishatolewa, iwe na ninyi au na wao, fanyeni kazi hizi kabla ya siku ya mwisho: hakikisheni kwa chama cha soka kwamba wachezaji wote wanaonekana kwa jina la klabu yenu, badilisheni nywila za tovuti, barua pepe na mitandao, takeni uthibitisho wa maandishi kwamba taarifa za watoto zilizotumwa zimefutwa, funga hesabu za vifaa kwa kusaini pande zote mbili, na waandikieni wazazi barua moja, yenye tarehe, inayosema nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Kumbukumbu za usajili za kila msimu, zenye jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa na tarehe za kuanza na kumaliza, zipigwe nakala na kuhifadhiwa katika sehemu mbili kwa muda usiopungua miaka 15, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 wa leo anaweza kuuzwa akiwa na 26, na chama kitakapouliza alikuwa wapi, karatasi hizo ndizo zitakazojibu.